Nani Aanze Kuingia Mwambani

Nasra mwanangu,

Ukisoma neno hilo la mwanzo najua utacheka. Umenipita kwa urefu tangu mwaka jana, na watu wakituona njiani hudhani mimi ndiye mdogo. Lakini mama yako ni dada yangu wa tumbo moja, na siku aliyoondoka kwenda Maskati kufanya kazi za nyumbani kwa watu aliuchukua mkono wako akautia ndani ya mkono wangu, akasema, "Mize, mwanao huyo." Nilikuwa bado mtoto wa skuli ya msingi. Tangu siku hiyo moyoni nakuita mwanangu, ingawa mdomoni naona haya.

Na haya hizo hizo ndizo zinazoniandikisha barua. Umetoka kwenda kuaga, na mtu akianza kuaga hapa kwetu hamalizi upesi: kila nyumba ukae, kila nyumba uombewe dua, kila nyumba ulazimishwe kunywa chai. Kwa hiyo nina nafasi. Kesho asubuhi ukisimama mbele yangu na begi lako nitasema "haya, safari njema," na mengine yote nitabaki nayo.

Habari za sabuni, za nguo, za kuitika "naam" ukiitwa na wakubwa, sikuandikii. Bibi yako ameshakwambia yote, mpaka upande gani wa kitanda ulalie huko Mkunazini, mjini unakokwenda kusoma. Mimi nina jambo moja tu. Nataka kukusimulia kilichotokea leo pwani ulipokuwa ndani unapiga pasi sare zako mpya.

Najua kwa nini hukuja. Nilikuamsha alfajiri, nikakwambia leo mwamba wa pweza unafunguliwa. Ukanijibu kutoka ndani ya shuka, "Mamdogo, mimi nshaondoka huku. Huku hakuna kitu." Nilichukua fimbo na beseni nikamfuata bibi yako.

Sikukasirika, kwa sababu na mimi niliamini hivyo kwa miaka mingi. Nilidhani kijiji kuwa masikini ni kama mchanga wake kuwa mweupe: ndivyo kilivyoumbwa. Wenzetu wamejaaliwa mahoteli, sisi tumejaaliwa matumbawe, basi. Skuli nilifundishwa kwamba uchumi ni ardhi, mtaji na nguvu kazi, na nikayaandika hayo kwenye mtihani kwa mwandiko mzuri. Sikujiuliza nani anapanga jambo lifanyike lini na nani aanze.

Angalia hata hii barabara yetu ya lami. Ulikuwa mdogo ilipofika, lakini mimi naikumbuka njia ya mawe. Pweza walikuwapo hawa hawa. Mnunuzi alikuwa mmoja, anakuja na baiskeli, na bei alikuwa akiitaja kabla hajashuka, maana alijua hatuna mwengine wa kumuuzia. Ilipofika lami yakaja magari yenye masanduku ya barafu, akaja mnunuzi wa pili na wa tatu, na mara wakaanza kutusalimia vizuri. Baharini hakukuwa kumebadilika kitu. Kuna watu walikaa mahali, wakaamua lami ipite huku kwanza, na wengine wakaambiwa wangoje. Nimeikanyaga lami hiyo miaka yangu yote ya sekondari nikiiona barabara tu. Sikuwahi kuiona kuwa ni uamuzi wa mtu.

Mwaka jana ndipo nilipoanza kufumbuka macho, na nilianza kwa kukosea.

Unajua kwamba kamati ya wavuvi iliamua kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi mitatu, wasiguswe pweza mpaka wakue. Uamuzi ulifanywa Ijumaa, kwenye baraza la msikiti, baada ya sala. Wanawake waliusikia kwa waume zao jioni, wakati wa kupakua chakula. Mimi nilifurahi mno. Niliona hii sasa ndiyo mipango, ndiyo maendeleo niliyoyasoma. Bibi yako aliuliza swali moja tu: "Na mimi miezi mitatu nichokoe nini?" Nikamjibu, mimi huyu nisiyeweza kumdai mwenye duka chenji yangu, "Mama, nyinyi wa zamani hamtaki kwenda mbele."

Hakunigombeza. Alikwenda nyuma ya nyumba akaanza kusokota kamba za usumba wa nazi, na kwa miezi mitatu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, mpaka viganja vikapasuka. Hapo ndipo nilipoanza kuona. Mwenye chombo, mwamba mmoja ukifungwa, hupiga mashine akaenda mwamba wa pili. Anayekwenda kwa miguu na fimbo hana mwamba wa pili. Kijiji kizima kilisema "tunangoja," lakini wangojaji hasa walikuwa wanawake.

Halafu ikafika siku ya kufungua. Kamati ilitangaza siku, na siku ilipofika, alfajiri, maji yalikuwa bado mengi. Wazamiaji wakaingia na miwani yao. Na kwa kuwa pwani ya kwetu hafukuzwi mtu, vijiji vya jirani navyo vilikuja na vyombo vyao, vikapokewa kwa salamu. Maji yalipotoka, wanawake waliposhuka na mabeseni, kila tundu lilikuwa limeshachokolewa. Bibi yako alirudi na vipweza viwili vidogo na mwiba wa baharini mguuni. Nilimtoa mwiba ule mwenyewe. Akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kumbe nilikuwa nawafugia watu." Kisha akaapa kwamba hatokubali mwamba ufungwe tena maisha yake yote. Na wanawake wenzake wakaapa pamoja naye.

Kilichoniuma ni kwamba pweza walikuwa wakubwa kweli. Mpango ulifanikiwa na ukaharibika siku hiyo hiyo. Kijiji kilipata zaidi, lakini aliyengoja hakupata, na aliyengoja asipopata hangoji tena. Wanawake wakikataa kungoja, kila mmoja atachokoa kidogo alichokiona leo kabla hajachokoa mwenzake. Pweza watabaki wadogo kama vidole, magari ya barafu yatageuza, na wasichana wa hapa tutaanza kutafuta pasipoti kama alivyotafuta mama yako. Hilo ndilo lililokuwa mbele yetu mwaka huu, Nasra. Ama wanawake wakubali mara moja zaidi na wapate, ama jambo hili life.

Mkutano wa mwaka huu, wa kuamua kama tufunge tena, Sheha kwa ukubwa wake wa kijiji aliuitisha kwenye uwanja wa skuli, kwa sababu wanawake walisema safari hii hawatumiwi salamu za jikoni. Wewe ulikuwa tuisheni. Mimi nilikaa nyuma ya Bi Riziki, jirani yetu, kwa makusudi, maana mgongo wake unanitosha kujificha. Nilikuwa na maneno yangu, nimeyasema peke yangu jikoni mpaka paka akanikimbia. Wazee wakasema, vijana wakasema, bibi yako akasema hapana. Sheha akauliza kama kuna mwengine. Nikaona mkono umepanda, na ulikuwa wangu.

"Nani yule? Mtoto wa Bi Pili? Hebu simama tukuone."

Nikasimama. "Mwaka jana tulipanga siku," nikasema. "Hatukupanga maji."

"Sauti," akasema mtu.

"Mwacheni, ndiyo kwanza anaanza," akasema mwengine.

"Hatukupanga maji," nikasema tena. "Maji yakiwa mengi ni kazi ya mwenye chombo. Yakitoka ni kazi ya mwenye miguu. Tukisema mwamba uwazi tangu alfajiri, tushaamua nani apate, hata kama hatukumtaja jina."

Unamjua Kombo, kiongozi wa wazamiaji, hawezi kukaa na neno lake. "Sasa mdogo wangu," akasema, "nyinyi mkishapita na mafimbo yenu, sisi tukazamie nini? Tukatafune mifupa?"

"Pweza gani ana mfupa, Kombo?" akauliza Bi Riziki bila kugeuka. "Ndiyo maana siku nyingine unarudi mtupu. Unazamia usichokijua."

Watu walicheka mpaka Sheha akaficha mdomo kwa kofia. Kombo naye alicheka. Kicheko kile kilinisaidia, nikavuta pumzi. Nikasema kwamba sisi wa miguu hatufiki ukingoni, kwenye kina, na ukingoni ndiko wanakokaa wale wakubwa kabisa. Waanze wa miguu wakati maji yametoka. Ukingo usiguswe na mtu. Maji yakirudi, waingie wazamiaji, wakute kila tundu la kule ni zima.

"Na wageni?" akauliza Kombo. Hakuwa akitania tena. "Tuwafukuze?"

"Hatumfukuzi mtu," nikasema. "Waingie na nyinyi. Tunawapa saa tu."

Nikakaa. Sheha akawageukia wanawake, na wanawake wote wakamgeukia bibi yako. Alikuwa anaangalia chini, anachora mchanga kwa kidole.

"Mara hii tu," akasema. "Ikiharibika tena, asije mtu kunigongea mlango."

Basi mwamba ukafungwa tena miezi mitatu, na hiyo ndiyo ilikuwa hali ya leo alfajiri ulipokuwa ndani ya shuka. Mwamba ule ule, pweza wale wale, watu wale wale. Kilichobadilika ni maneno machache tuliyokubaliana skulini, na maneno hayana ukuta. Hakuna askari wala geti. Mtu mmoja angejitupa majini na wote wangejitupa.

Tulisimama mchangani, wanawake na mabeseni, wanaume na miwani vipajini. Maji yalikuwa yanatoka polepole, bado mengi. Ungeona macho ya kila mtu yanakwenda kwenye maboya ya mpaka wa mwamba na kurudi. Vijana wa Kombo walikuwa wanahamahama kama watu wanaotaka kwenda chooni. Bibi yako alisimama fimbo begani, uso ameukunja.

Mara tukasikia mashine. Chombo cha wageni, kimejaa watu, kinakuja moja kwa moja mwambani. Hawakuwa na habari, masikini, wao walijua mwaka jana ilikuwaje. Nikasema moyoni, imekwisha. Bi Riziki akasema, "Haya, wamefika wenyewe." Mwanamke mmoja akaweka beseni chini akaanza kujifunga kanga arudi nyumbani.

Kombo akaingia majini mpaka kifuani, na nguo zake, mikono juu. "Yakhe," akaita, "tieni nanga hapo hapo. Waanze wanawake."

Wakapunguza mashine. Mmoja akamwita, "Kombo, umeolewa?"

"Nimeolewa na kijiji kizima," akajibu, "na mahari sijayaona."

"Toka bwana, maji yanakwenda."

"Yaache yende. Yakirudi tutaingia sote, mimi na wewe. Leo ukipita hapa, wale mama pale mwakani hawafungi, na mimi na wewe tutakuwa tunazamia vipweza vya kutilia kwenye sahani ya chai. Tia nanga, nitakutafutia kahawa."

Wakatia nanga. Nasra, chombo kile kilipotia nanga nilihisi kama nimepandishwa juu nikashushwa. Nimemfikiria Kombo tangu asubuhi. Si kwamba alibadilika akawa malaika usiku mmoja. Sheria ya mwaka jana ilimlipa kukimbia, sheria ya mwaka huu inamlipa kungoja, na yeye ana akili, amefuata kinachomlipa. Nafikiri hata nchi nzima huenda hivyo. Watu ni wale wale, lakini ukibadilisha kinachomlipa mtu, kukimbia au kungoja, kupora au kutunza, utadhani umeleta watu wengine kabisa. Sijui kama niko sahihi. Wewe utasoma zaidi yangu, utaniambia.

Maji yakatoka. Sheha akainua mkono, akaushusha, na tukashuka.

Sijui nikuelezeje. Kila tundu lina mwenyewe. Mtu anachokoa hapa anaita, mwengine anaita kule, hakuna anayemsikia mwenzake kwa kelele za furaha. Bi Riziki alivutwa na pweza akakaa kitako majini, akakataa kumwachia, akakataa pia kusaidiwa. Bibi yako alisimama kwenye tundu moja muda mrefu, anamshawishi pweza taratibu kwa fimbo, anazungumza naye. Alipomtoa, mikono ya pweza ilimzunguka mkono wote mpaka begani. Sijawahi kumwona mama yangu akicheka na mdomo wazi namna ile. Nimemjua mtu huyu tangu nizaliwe na leo nimeona jino la nyuma ambalo sikujua kama analo.

Maji yaliporudi, wa miguu tukatoka, na Kombo na wageni wake wakaingia. Nao walipata, na walipata wakubwa. Wanunuzi walikuwa wanashindana kwa maneno matamu, mmoja kamwita bibi yako "mama yangu mzazi." Bibi yako akamuuliza kama alimzaa kabla au baada ya kutaja bei.

Kisha Sheha akatukusanya hapo hapo mchangani. "Wanaotaka tufunge tena, mikono juu."

Mikono ya wanaume ilipanda. Ya wanawake haikupanda. Walikuwa wanamtazama bibi yako, na bibi yako alikuwa ameinama juu ya jiwe anamponda yule pweza wake alainike, kama hakusikia.

"Bi Pili," akaita Sheha, "leo umepata au hukupata?"

"Nimepata." Akaendelea kuponda. "Kamati itakaa lini?"

"Ijumaa, kama kawaida. Barazani msikitini, baada ya sala."

"Mimi pale sikai."

"Ndiyo, tunajua, Bi Pili. Tutakuleteeni habari."

"Basi ihame."

Mzee mmoja wa kamati akakohoa. Kombo, bado maji yanamchuruzika, akauliza kwa adabu, "Ihamie wapi, bibi?"

"Ihamie ninapoweza kukaa. Leo tumepata kwa sababu mara moja tulikaa sote uwanja mmoja. Sitafungiwa mwamba tena na watu nisiowasikia wakisema."

Sheha aliwatazama wazee wa kamati, na wazee wakatazamana. Hakuna mwanamke aliyesogea. Nilielewa wakati ule kwamba mama yangu alikuwa ameuweka mkono wake chini kwa makusudi, na kwamba mkono ule wa chini ulikuwa na nguvu kuliko mikono yote iliyokuwa juu. Mwaka jana aliapa kwa hasira na hakuna aliyemjali. Leo wana cha kupoteza bila yeye, na anajua.

"Haya," akasema Sheha mwishowe. "Ijumaa, uwanja wa skuli, baada ya alasiri. Na wanawake waingie kwenye kamati, wachague wenyewe."

Ndipo bibi yako akasimama, akaunyoosha mgongo, akainua mkono. Aliuinua umemshika pweza wake, maji yanamtiririka mpaka kwapani, na nyuma yake ikapanda mikono yote.

Mwanangu, kesho utaingia Mji Mkongwe, mji wa maduka na maofisi. Mambo yake utayakuta yamekaa sawa sawa, utadhani yalikuwa hivyo tangu dunia iumbwe: mtaa huu una biashara, ule hauna, huyu ana duka, yule anauza chini. Sikwambii ufanye nini. Nataka tu uende ukiwa umejua kwamba leo, mbele ya macho yangu, kitu kilichokuwa kimekaa hivyo siku zote kilihama, na kilihamishwa na watu unaowajua, wenye miguu ya chumvi.

Nasikia sauti yako kwa Bi Riziki, anakulazimisha kikombe cha pili. Maliza upesi uje. Yule pweza bibi yako amekataa kumuuza kwa bei yoyote. Yumo chunguni ndani ya tui la nazi, na bibi yako amesema hakifunuliwi chungu mpaka ukae.

Mama yako mdogo akupendaye,
Mize